Mpangaji Pekee wa Kijiji

Sehemu ya Saba

Godoro lilikuwa uani tulipoachana, na Fundi alikuwa amelikalia.

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita kwa sababu jirani alilifungia sabuni, nikueleze upesi, maana saa zinakwenda. Halmashauri ilikiandikia kijiji barua: mnaruhusiwa nyumba mpya ishirini na nne, chagueni pa kuzijenga, bondeni au kilimani, na mpango wenu usainiwe na mpangaji wa kijiji. Halmashauri ilimaanisha mtaalamu, mtu wa ramani na rula. Kijiji kikasoma kilivyosoma. Pale kila mtu anaishi kwake au kwa baba yake, na anayepanga chumba ni mmoja tu: mshona nguo, mwanamke wa miaka hamsini kasoro, ambaye wote humwita Fundi. Karani akajaza fomu: mpangaji tunaye. Fomu ikaenda, ikarudi na muhuri. Ameidhinishwa.

Fundi mwenyewe aliomba kiwanja kimoja kati ya hivyo ishirini na nne. Kiko kwenye orodha, namba kumi na saba. Amelala vyumba vya watu kumi na mmoja na hajawahi kufunga mlango ulio wake.

Sasa Mwenyekiti wa kijiji, ambaye ndiye mwenye nyumba wa Fundi, alimtaka asaini bondeni. Shamba lake liko bondeni, na likichukuliwa atapewa jingine kando ya barabara kuu. Fundi akasema kilimani. Ndipo Mwenyekiti akaingia chumbani kwa Fundi, akatoka na godoro.

Mpaka hapo tuko pamoja. Ni saa tatu asubuhi.

"Mwenyekiti," Fundi akasema bila kuinua macho kutoka kwenye pindo alilokuwa akilishona, "umesahau mto."

Mwenyekiti akarudi ndani, akaleta mto.

"Na kigoda cha cherehani."

Akaleta. Alikuwa mtu wa kumaliza kazi akiianza.

"Sikufukuzi," akasema akipangusa mikono. "Chumba nakihitaji tu."

"Unakihitajia nini?"

"Nakihitaji kiwe kitupu."

Mkewe akatokea mlangoni na kikombe cha chai. Kilikuwa cha Fundi, si cha mumewe.

"Mwenyekiti," akasema, maana hata nyumbani alimwita hivyo, "unamtoa mtu aliyekushonea suruali uliyovaa."

"Suruali haina kosa. Lakini hii ni nyumba yangu. Anayelala humu analala kwa ridhaa yangu."

"Na mimi?"

"Nimesema anayelala humu."

"Nimesikia," mkewe akasema. Akampa Fundi chai. "Kunywa, mdogo wangu, ingali moto." Akaingia ndani. Neno lile lilimwingia, lakini halikutoka siku hiyo asubuhi. Tulikumbuke.

Saa saba mchana pikipiki ikaingia uani. Aliyeshuka alikuwa afisa wa halmashauri, kijana mrefu mwenye ramani iliyokunjwa ndani ya kipande cha bomba la maji. Kijiji kilishampa jina: Bwana Ramani. Nyuma yake akaja Karani na daftari lake, na nyuma ya Karani wakaja waliosikia pikipiki.

Katika hao walikuwemo mwalimu wa darasa la pili, anayelala stoo ya chaki, na mume na mke waliofunga ndoa mwaka jana, wanaolala nyuma ya pazia kwa mama mkwe. Hao wawili walikuwa na mazoea ya kunong'ona. Hata wakigombana walinong'ona.

"Bahasha inafungwa saa kumi," Bwana Ramani akasema. "Iwe na saini au isiwe nayo. Isipokuwa nayo, kijiji kinasubiri awamu nyingine, miaka mitano. Mpangaji yuko wapi?"

Watu wakamwonyesha godoro.

Bwana Ramani akamtazama Fundi. Akatazama cherehani. Akatazama fomu yenye muhuri, kisha akamtazama Fundi tena, akaelewa. Na kwa kuwa ofisi ilishagonga muhuri, akaacha kuelewa.

"Wewe ndiye mpangaji?"

"Miaka kumi na mmoja, mwanangu."

"Alikuwa," Mwenyekiti akasema. "Kuanzia saa tatu leo si mpangaji. Nimemtoa."

"Umemtoa?"

"Na mto."

Bwana Ramani akafunga bomba lake kwa kifuniko. "Basi kijiji hakina mpangaji. Mpango hauna wa kuusaini. Nawaaga, kwa heri."

Mwenyekiti hakuwa amelifikiria hilo. Yeye alifikiri mtu akitolewa, ubishi wake hutoka naye. Uso wake ukafanya kazi kidogo. Nyuma ya watu, mke wa nyuma ya pazia akamnong'oneza mumewe, "Miaka mitano," naye mumewe akanong'ona, "Nimesikia," na kwa jinsi walivyozoea kunong'ona, uwanja mzima ukawasikia.

"Ngoja," Mwenyekiti akasema. "Kijiji hakikosi mpangaji. Shemeji!"

Shemeji, kaka yake mkewe, alikuwa nyuma ya nyumba akimaliza usingizi wa asubuhi. Ni mtu mzima wa miaka arobaini aliyekuja kusalimia miezi minane iliyopita. Alifika akijikuna.

"Shemeji, nakupangisha chumba."

"Kipi?"

"Kile kitupu."

"Mimi si nalala sebuleni?"

"Sasa umepanga. Karani, andika."

Karani akaandika. Shemeji akaambiwa aweke mzigo wake chumbani ili jambo lionekane, akaenda kuleta begi. Lilikuwa na shati moja, na shati lenyewe alilishona Fundi.

Bwana Ramani akafungua fomu juu ya tangi la pikipiki. "Fomu inataka mpangaji mwenye uzoefu usiopungua miaka mitano. Una uzoefu gani wa upangaji?"

Shemeji akamtazama Karani. "Nimeanza saa ngapi?"

"Saa saba na robo."

"Saa saba na robo," Shemeji akamwambia Bwana Ramani.

"Ni dakika kumi."

"Lakini sijapata malalamiko."

Bwana Ramani akaandika. Alikuwa wa kuandika kila kitu. "Swali la kitaalamu. Mvua ikinyesha kijijini hapa, maji yanaelekea wapi?"

Shemeji akafikiri. Akatazama mbingu, akatazama miguu yake.

"Chini," akasema.

"Jibu si la uongo," Bwana Ramani akasema. "Ila halitoshi. Hafai."

"Kaa sebuleni, kaka," dada yake akamwambia kutoka dirishani. Shemeji akachukua begi lake, akarudi alikotoka. Alikuwa mpangaji kwa dakika kumi na tatu na hakuna aliyemsikia akijuta.

Akabaki Fundi. Wote wakamgeukia, naye akakata uzi kwa meno.

Mwenyekiti akatembea pole pole hadi penye godoro. Akainama, akashika pembe mbili.

"Fundi, hebu inuka kidogo."

"Kuna nini tena?"

"Nakurudisha. Chumba ni chako. Tulikuwa tunapiga deki."

"Mnapiga deki tangu saa tatu?"

"Kilikuwa kichafu."

Umati ukatazama pembeni kwa adabu. Fundi akainuka, Mwenyekiti akalitwika godoro kichwani, akaelekea mlangoni. Njiani akasema bila kugeuka, maana mwenye godoro kichwani hageuki ovyo, "Sasa umesharudi, saini bondeni, tumalize."

"Nisaini nini bila kuulizwa? Mwenzangu ameulizwa maswali. Na mimi niulizwe."

"Ni haki yake," Bwana Ramani akasema. Akatandika ramani juu ya mawe manne. "Umesomea wapi upangaji?"

"Kwa watu."

Akaandika: kwa watu.

"Kwa nani na nani?"

Fundi akachuchumaa mbele ya ramani. Hakuwahi kuona ramani, lakini kitambaa kilichokatwa vipande anakijua, na aliona haraka wapi ni kola na wapi ni mfuko.

"Hapa ni shuleni? Basi hapa nyuma nilipanga kwa Mwashi. Ukuta wa machweo unapigwa na mvua hadi unakuwa uji. Akijenga mtu pale, dirisha lisikae upande huo. Hapa nilipanga kwa Mjane wa Kinyozi. Pazuri, lakini bomba liko mbali. Ukijaza ndoo, ukifika imepungua vidole vinne."

"Vidole vinne ni mita ngapi?"

"Mia sita. Saba ukiwa na mawazo."

Bwana Ramani akatoa penseli, akapima kwa rula, akatulia. "Mia sita na ishirini," akasema.

"Siku hiyo utakuwa na mawazo kidogo."

Akaendelea. Chumba kwa chumba, nyumba kwa nyumba, kumi na moja. Wapi upepo unang'oa bati na wapi unapita na kusalimia. Wapi njia inatosha kupitisha jeneza na wapi walilazimika kulipitisha juu ya ua wa jirani, na jirani hajasahau. Wapi mwalimu akipewa nyumba atafika darasani kabla ya watoto. Kumi na mmoja walimpangisha na kumi na mmoja walimtoa, kila mmoja kwa sababu yake nzuri, na kila alipotolewa aliondoka akijua kona moja zaidi ya kijiji. Bwana Ramani alichora mpaka penseli ikabidi ichongwe, akaichonga kwa wembe wa Fundi.

"Na bondeni?"

Mwenyekiti alikuwa amefika mlangoni. Godoro lilishaingia nusu. Akasimama asikilize.

"Bondeni nilipanga kwa Mchoma Matofali, misimu miwili. Wa kwanza maji yalifika kwenye kanyagio la cherehani. Nikaipandisha cherehani kitandani. Wa pili yakafika kitandani. Nikakipandisha kitanda juu ya matofali, matofali pale si shida. Halafu choo kikapanda kutusalimia."

"Kilipanda kiasi gani?"

"Kilitusalimia wote."

"Ilikuwa mwaka ule tu," Mwenyekiti akasema kutoka chini ya godoro.

"Mwaka ule una ndugu zake, Mwenyekiti. Mchoma Matofali mwenyewe amehamia wapi?"

Wote walijua Mchoma Matofali alihamia kilimani, na ndiye baba mkwe wa Mwenyekiti.

Bwana Ramani akaweka rula kwenye bonde, akapiga mstari kutoka pembe hadi pembe, akapiga mwingine. "Hapajengeki," akasema. "Nyumba zote ishirini na nne, kilimani."

Mwalimu wa stoo ya chaki akakaa chini kwenye jiwe. Mke wa nyuma ya pazia akasema neno kwa sauti ya kawaida, watu wakashtuka, hawakujua kama ana sauti.

Na mlangoni, godoro likaanza kurudi nyuma. Mwenyekiti alikuwa analitoa tena.

"Mwenyekiti," Bwana Ramani akasema, "ukilitoa, hakuna mpangaji."

Mwenyekiti akasimama. Godoro likabaki nusu ndani, nusu nje.

"Hivi sasa yukoje?" Karani akauliza, kalamu hewani. "Niandikeje?"

Bwana Ramani akalitazama godoro kama afisa. "Mpangaji aliye mlangoni hajatoka. Andika yupo."

Ikawa saa tisa na nusu. Fomu ikaletwa mbele ya Fundi, na kalamu. Akapangusa mkono kwenye sketi. Bwana Ramani akasema kabla ya saini sheria inataka masharti yasomwe, akasoma, na masharti yakapita kama masharti yanavyopita, la kwanza, la pili, la tatu, mpaka la tisa.

"La tisa. Mpangaji atakayesaini mpango hatapewa kiwanja ndani ya mpango huo, ili asije akajipendelea."

Fundi alikuwa ameshainama. Akanyooka.

"Soma tena."

Akasoma tena. Halikubadilika.

"Kwa hiyo kumi na saba…"

"Inafutwa."

"Na nisiposaini?"

"Jina lako linabaki kwenye orodha ya maombi. Mpango wa sasa unakufa. Awamu nyingine ikija, unaanza juu kabisa kwenye orodha."

"Miaka mitano."

"Isipochelewa."

Mwenyekiti alikuwa ameinua macho chini ya godoro. Na hapa niseme ukweli, sauti yake ilikuwa laini kama ya mtu aliyefiwa na mwenzake.

"Fundi, usisaini. Mimi nakufikiria wewe. Wao watapata nyumba, wewe utapata nini? Shukrani? Shukrani haina mlango. Ngoja miaka mitano, ujenge kwako. Chumba hiki si kipo? Nimekurudisha. Kilimani hapakimbii."

Na jamani, si kwamba alidanganya. Kila neno lilikuwa la kweli, ndiyo maana lilikuwa baya.

Fundi akawatazama watu. Hakuna aliyemwomba, kwa kuwa kumwomba mtu asiye na mlango akupe mlango ni jambo linalohitaji uso mgumu. Mwalimu alikuwa anakuna chaki kwenye kucha. Wale wawili wa pazia hata kunong'ona walikuwa wameacha.

"Karani," Fundi akasema, "saa ngapi?"

"Kumi kasoro robo."

"Nyie wa pazia. Mama mkwe wenu anakoroma?"

"Sana," mume akasema.

"Anakoroma usiku wote?"

"Akinyamaza tunaogopa. Tunajua anasikiliza."

Fundi akachomeka sindano kwenye kola yake, akachukua kalamu, akaandika jina lake pole pole, herufi kwa herufi, kama anapiga mshono wa mwisho usiofumuka. Chini yake, penye nafasi ya cheo, akaandika: Mpangaji.

Hakuna aliyepiga makofi. Bwana Ramani akaweka rula kwenye mstari wa kumi na saba, akaufuta kwa mkato mmoja ulionyooka. Fundi alitazama rula mpaka ikainuliwa.

"Mstari mzuri," akasema.

"Kiwanja kikiachwa wazi kinakwenda kwa wa kwanza katika orodha ya akiba," Bwana Ramani akasema, akageuza karatasi. "Wa kwanza ni… Binti wa Mchoma Matofali. Yupo?"

Watu wakatazamana. Mabinti wa Mchoma Matofali waliolewa wote zamani, mmoja mbali, na mmoja…

"Nipo," akasema mke wa Mwenyekiti, akitoka ndani.

Ilibidi akunje kidogo godoro ili apite mlangoni.

"Wewe uliomba lini?" Mwenyekiti akauliza.

"Siku ile uliponiambia mara ya tatu ni nyumba yako. Nilifuata fomu kwa Karani."

Karani akapata kitu cha kutazama kwenye daftari.

"Lakini wewe una nyumba," Mwenyekiti akasema.

"Ipi?"

"Hii."

"Hii ni yako. Na mimi nalala kwa ridhaa. Umesema leo, saa tatu, mbele ya mto." Akamgeukia Fundi. "Mdogo wangu, mimi sikujua kiwanja ni kile chako. Niliomba chochote. Ila nikikipata, nitajenga vyumba viwili. Kimoja changu. Cha pili nitatafuta mpangaji. Wa kudumu. Na mlango wake atachagua yeye, na ufunguo wa pili sitaki kuuona."

Mkono wa Fundi ulikwenda kwenye kola, ukakuta sindano, ukakaa hapo.

"Napinga," Mwenyekiti akasema. "Mke hawezi kupewa kiwanja na mume hajui. Napinga kama mume, na napinga kama mwenyekiti."

"Na mimi unanipinga kama nani?" mkewe akauliza. "Kama mke au kama mwombaji? Niambie nijue nijibuje."

"Napinga kwa jumla."

Bwana Ramani akainua kidole, akarudi kwenye masharti. Alisoma kwanza kimoyomoyo. Kisha akakohoa.

"La kumi. Pingamizi lolote juu ya kiwanja litaamuliwa papo hapo, kabla bahasha haijafungwa, na uamuzi huo ni wa mwisho."

"Vizuri," Mwenyekiti akasema. "Linaamuliwa na mwenyekiti?"

"Hapana," Bwana Ramani akasema. "Linaamuliwa na mpangaji wa kijiji."

Uwanja wote ukageuka. Fundi alikuwa amesimama kati ya watu wawili: mwenye chumba anacholala leo, na mwenye chumba ambacho bado ni majani kilimani. Akimpa mmoja haki, wa pili atamfungia mlango, na wote wawili walijua, na yeye alijua kuwa wanajua.

"Kumi kasoro dakika nne," Karani akasema, ingawa safari hii hakuna aliyemuuliza.

Mwenyekiti akabadilisha mkono chini ya godoro. Godoro la sufi si jepesi.

"Fundi," akasema taratibu, "hili godoro nalirudisha ndani, au nalitoa?"

Fundi akachomoa sindano kwenye kola, akaitazama kwenye mwanga.

"Lishike hivyo hivyo," akasema. "Naamua."